Vidole vya maestro: kwa nini kiongozi wa korali ajifunze kupiga partisyo ku klavie

Juma lililopita mdogo wetu mmoja, anasoma mwaka wa pili ku UNILU na njo yeye anaongoza korali ya vijana mu kartie yetu hapa Ruashi, aliniuliza swali nyuma ya repetisyo. Akasema: "Yaya, maestro anapiga paka mikono. Piano ni kazi ya mupiga klavie. Sasa miye nitajifunzia piano ya nini?"

Sikumjibu mara moja. Nilikumbuka mambo ya klarineti. Hiyo nitaifikisha mbele kidogo, juu mpaka leo inanitia haya. Kwanza tuangalie swali lake.

Haliko swali la kijinga. Ukimtazama maestro siku ya misa ao siku ya konserti, hapigi chombo chochote. Mikono iko hewani, sauti inatoka kwa wengine. Lakini kazi yake kubwa haifanyiki siku ile. Inafanyika Jumanne jioni, akiwa peke yake na karatasi, mbele ya muimbaji hata mmoja kufika. Ile karatasi ina sauti nne: soprano, alto, tenori, basi, na zote zinatembea pamoja. Wewe una koo moja. Koo moja inaimba sauti moja kwa wakati. Ukiimba soprano, basi imenyamaza. Ukiimba basi, hujui alto anagongana na nani. Kati ya vyombo ambavyo mtu wa hapa kwetu anaweza kuvikuta kirahisi, klavie njo inayompa mtu mmoja sauti zote nne mara moja, chini ya vidole vyake, na kwa mwendo anaotaka yeye. Ni hiyo tu. Hakuna anayekuomba uwe mpiga piano wa konserti.

Nimeona repetisyo nyingi zinaenda hivi. Maestro amejifunza wimbo kwa odio ya WhatsApp. Anafundisha ba-soprano, wanashika. Anafundisha ba-tenori, wanashika pia, lakini noti moja katikati ya wimbo si ile iliyoandikwa. Maestro haisikii, juu yeye mwenyewe njo aliyeileta vile. Juma la pili linapita, la tatu linapita, kosa linakuwa mali ya korali. Siku sauti nne zinaunganishwa kuna mahali panauma masikio, na kila mtu anaangalia jirani yake. Ba-tenori wanasema ni ba-alto. Ba-alto wanasema "shiye tunaimba vile balitufundisha". Kutoa noti mbaya mu vichwa vya watu makumi mbili inaomba muda kuliko kuifundisha vizuri mara ya kwanza. Na watu hawa wametoka kazini ao sokoni, wengine wamekuja na miguu, wanarudi usiku mu barabara bila taa. Saa moja yao maestro anaichezea juu hakutumia dakika kumi ku klavie.

Kuna jambo lingine linalotuhusu zaidi sisi wa Lubumbashi, na watu hawalisemi sana. Solfeji tuliyoipata mu masomo ya Kifaransa inasema do ni tushi moja, ile ile, siku zote. Re ni re, sol ni sol. Lakini partisyo za Kiswahili zinazotufikia kutoka Tanzania, na karatasi ambazo ndugu zetu wa Zambia wanaimba, mara nyingi zinafuata njia nyingine: do inahama. Juu ya karatasi imeandikwa "Do ni G", maana yake wimbo uko mu sol, na ile sol njo wanaiita do. Njia hiyo ilienezwa mu karne ya 19 na Mwingereza John Curwen, ambaye aliichukua kwa mama mmoja mwalimu, Sarah Glover, akaiendeleza; kisha wamisionari wakaileta Afrika. Kwa kuimba ni njia nzuri sana, inafundisha sikio haraka. Lakini weka mtu wa Kasumbalesa upande huu na mwenzake wa upande ule, waambie "toeni do", wanaweza kukupa sauti mbili tofauti na wote wawili wana haki. Maestro anayejua klavie hapotei hapo. Anaangalia alama ziko ngapi mwanzoni mwa mistari, anaweka kidole ku tushi, anatoa noti ya kuanzia, mambo yanaisha. Asiyejua anaanza wimbo "pale sauti inafika", na mu ubeti wa pili ba-soprano wanapiga kelele sawa vile kuku ameshikwa.

Historia ya mji wetu yenyewe inatuonyesha. Joseph Kiwele, aliyezaliwa mu 1912 na kufariki mu 1961, alikuwa mtunzi na mpiga kinanda. Wengi wanamkumbuka kwa siasa, juu alikuwa waziri wa elimu mu serikali ya Katanga ya Tshombe na muziki wa La Katangaise ni wake. Lakini mbele ya hayo alikuwa mtu wa karatasi na tushi. Aliandika Messe Katangaise, aliandika kwa sauti nyingi, na mtu haandiki hivyo kwa kukisia. Mji ulikuwa pia na korali ya watoto, Petits Chanteurs à la Croix de Cuivre, iliyoanzishwa na padri Mbenedikto Anschaire Lamoral. Kwa hiyo wakati mtu ananiambia "mambo ya partisyo ni ya Wazungu", ninamwambia aende aulize wazee wa Katanga mbele ya kusema.

Na Missa Luba je? Swali zuri, juu ile inaonekana sawa vile inakataa maneno yangu. Ilizaliwa Kamina, na rekodi yake ya 1958 ya Troubadours du Roi Baudouin pamoja na padri Guido Haazen ilizunguka dunia. Waimbaji walikuwa wanajenga muziki kwa mdomo na sikio, juu ya namna za kuimba za kwetu, pasipo kusoma karatasi. Ni kweli kabisa. Lakini kisha muziki ule uliandikwa. Wakati korali ya mbali inataka kuuimba, kama vile Muungano National Choir ya Kenya chini ya Boniface Mganga, kuna mtu lazima akae na muziki ule, ausome, ajue nani anaingia wapi. Sikio linazaa muziki. Karatasi inausafirisha. Maestro anafanya kazi pale vitu hivyo viwili vinakutana.

Sasa, mtu anaanzia wapi? Hapa nitakaa kidogo, juu njo kazi yenyewe.

Watu wengi wanaanza vibaya: wanafungua partisyo, wanataka kupiga sauti nne siku ya kwanza, vidole vinafungana, wanaacha. Anza na basi peke yake, mkono wa kushoto, pole pole, na wakati uleule imba soprano kwa mdomo. Utaona kwamba ni ngumu kuliko unavyofikiri. Ikishapita, geuza: piga soprano, imba basi. Kisha piga basi na soprano kwa mikono miwili, imba alto. Ile ya mwisho, kupiga sauti tatu na kuimba tenori, inaweza kukuomba majuma. Usiharakishe. Siku utaweza kuipiga wimbo mzima bila kusimama, utaenda ku repetisyo na kila noti ya ba-tenori iko ndani yako, na wakikosea utasikia palepale, hata kama wako nyuma ya ukuta.

Angalia mtego mmoja. Kama partisyo inaweka kila sauti ku mistari yake mitano, tenori mara nyingi inaandikwa na kle ya sol, lakini inaimbwa oktavi moja chini. Wakati mwingine kuna 8 kadogo chini ya kle, wakati mwingine hawaandiki kitu, wanadhani unajua. Mwanafunzi anaipiga vile anaiona, tenori inapanda juu ya alto, akori inageuka, na anasema mtunzi alikosa. Mtunzi hakukosa. Shusha oktavi moja.

Kisha inakuja akili ya kupunguza. Vidole viko kumi, lakini mkono hauna urefu wa kila kitu. Tuseme basi iko ku do na tenori iko ku mi ya oktavi ya juu yake: hapo ni tushi kumi nyeupe, na mikono mingi haifiki. Ufanye nini? Mpe mkono wa kuume ile tenori, kama iko karibu na alto. Ao piga basi kwanza halafu tenori haraka. Ao iache. Ndiyo, iache! Maestro anayepiga partisyo ana ruhusa ya kuacha noti. Asiyoweza kuiacha ni basi, juu njo inabeba nyumba, na sauti yenye melodi, na ile noti inayosema kama akori inacheka ao inalia, yaani ya tatu. Noti inayorudiliwa mu sauti mbili, moja unaweza kuitoa. Kitu kimoja tu hakiguswi: mwendo. Ni afadhali kukosa noti tano na kuendelea kuliko kusimama kusahihisha moja. Korali haitakungojea, na wewe unajifunza kuwa yule ambaye hawezi kusimama.

Nitasema neno juu ya kibonye cha klavie, kile cha kuhamisha toni. Ba-yaya wanaopiga mu makanisa yetu wengi wanajua kupiga toni moja ao mbili, do na fa kwa mfano, na wimbo ukiwa mu mi bemoli wanabonyeza kibonye, wanaendelea kupiga sawa vile ni do. Siwacheki. Wanaokoa ibada kila Dimanshi, na vidole vyao vinakimbia kuliko vyangu. Lakini maestro anayesoma partisyo akitumia kile kibonye anajiharibia. Macho yanaona mi bemoli, kidole kiko ku do, sikio linasikia mi bemoli. Vitu vitatu haviongei pamoja, na njo kuongea pamoja kwa macho, kidole na sikio tunakotafuta. Kwa mazoezi yako ya partisyo, zima kile kibonye.

"Lakini hatuna piano." Kweli, piano ya kweli ya tushi 88 ni vigumu kuiona hapa. Haijalishi. Korali yenye sauti nne, kutoka mi ya chini kabisa ya ba-basi mpaka la ya juu ya ba-soprano, inachukua oktavi tatu na nusu hivi. Klavie ndogo ya tushi 61, ile ya kanisa, ina oktavi tano. Korali nzima inaingia na nafasi inabakia. Kama kuna delestaje, nyingi zinakubali batri. Na kama batri pia zimeisha, kaa ku meza, weka vidole ku mbao, piga kimya na uimbe sauti moja kwa mdomo. Watu wa nyumbani watafikiri umepata shida, lakini kichwa kinafanya kazi.

Kuhusu programu za kompyuta: MuseScore ni ya bure, unaandika partisyo, inakupigia kila sauti. Ninaitumia kuandikia waimbaji karatasi na kuwatumia odio ya sauti yao. Lakini iko sawa vile mtu anayekulia chakula mbele yako. Unaona anatafuna, tumbo lako halijai. Inaweza kukupigia partisyo mara mia na wewe bado hujui akori ya mesire ya nne ni gani.

Mtu aliyesoma sana ataniambia kwamba kuna ba-maestro wakubwa ambao hawakuwa wapiga piano. Ni kweli. Berlioz, aliyeandika moja ya maandishi muhimu ya kwanza juu ya kazi ya kuongoza okestra, alikuwa mtu wa gitaa na filimbi, piano hakujifunza. Toscanini alikuwa mpiga cello. Mu 1886 kule Rio de Janeiro, akiwa na miaka 19, alitolewa katikati ya wenzake wa okestra akaongoza Aida kwa kichwa, bila kufungua partisyo. Sawa. Kama wewe unaweza kuweka opera nzima mu kichwa, basi klavie usiisumbukie. Sisi wengine tufuate njia ya Georg Solti, ambaye mbele ya kuwa maestro wa dunia alikaa miaka mu opera ya Budapest akipigia waimbaji piano ku repetisyo, siku kwa siku. Kule Ulaya njia hiyo ni ya kawaida: kijana anapigia waimbaji partisyo ya okestra nzima ku piano, anajifunza opera moja nyuma ya ingine, na siku maestro hayupo, yeye njo anapanda. Na kwetu, Armand Diangienda aliyeanzisha Orchestre Symphonique Kimbanguiste ku Kinshasa mu 1994 alikuwa rubani wa ndege. Muziki zaidi alijifunza yeye mwenyewe. Basi kuchelewa kuanza haiko sababu.

Sasa klarineti.

Miaka iliyopita tulikuwa tunatayarisha wimbo wa Pasaka, wimbo mu do, sauti nne. Mtu mmoja alileta papa mzee aliyekuwa akipiga klarineti mu fanfari zamani. Nilifurahi. Nilikopia mstari wa soprano vile uko, nikampa. Akauangalia muda mrefu, akaniuliza: "Maestro, hii partisyo ni ya piano ao ni ya klarineti?" Nikamjibu mbele ya watu wote: "Papa, noti ni noti." Akanyamaza, akapiga. Ilikuwa mbaya. Kila noti iligongana na ba-soprano. Nilisimamisha mara tatu. Mara ya tatu nikasema kwa sauti kwamba labda mikono ya papa imechoka. Vijana wakacheka. Papa akafungua klarineti vipande vipande, akaipangusa, akaiweka mu sanduku lake, akaaga vizuri, akaenda.

Kitu ambacho sikukijua ni hiki. Klarineti ya kawaida ni ya si bemoli. Mpigaji akisoma do, chombo kinatoa si bemoli. Kila kitu kinatoka toni moja chini ya kilichoandikwa. Ili asikike pamoja na ba-soprano mu do, karatasi yake lazima iandikwe toni moja juu, mu re. Papa alipiga vizuri kabisa kile nilichomwandikia. Kosa lilikuwa la karatasi yangu. Kori ya fa nayo inatoka kwinti moja chini, klarineti ya la inatoka tersi ndogo chini. Mu partisyo ya okestra vyombo hivi vyote viko pamoja ku ukurasa mmoja, kila kimoja na toni yake, na maestro lazima macho yake yavipeleke mu sauti ya kweli.

Wale waliosoma solfeji ya Kifaransa mpaka mwisho wana njia nzuri hapa, na wengi hawajui ina kazi gani. Zile kle za do walizotuchosha nazo njo dawa. Ukisoma mstari wa klarineti ya si bemoli sawa vile una kle ya do ku mstari wa nne, majina ya noti yanatoka tayari yamehama. Unaongeza bemoli mbili, unaangalia oktavi, umeshafika. Kwa kori ya fa, kle ya do ku mstari wa pili. Kwa klarineti ya la, ku mstari wa kwanza. Nilikuwa nimejifunza kle hizi kwa mtihani, nikazisahau nyuma ya mtihani. Kama ningekaa ku klavie jioni moja tu, nikapiga mstari wa papa vile klarineti ingeutoa, na mkono mwingine nikapiga korali, mgongano ningeusikia nyumbani kwangu, na si mbele ya watu.

Niligundua hayo kama juma mbili kisha, mu kitabu kimoja cha zamani cha fanfari. Niliandika upya karatasi yake kwa mkono, mu re, na diyezi zake mbili. Nikaenda kwake na rafiki mmoja, tukakaa ku viti vya pa mlango. Hakuniuliza kitu. Alisoma karatasi kwa macho, vidole vyake vikitembea ku goti, akasema: "Sasa hii ni ya klarineti." Pasaka ilikuwa imeshapita.

Jumamosi ya kwanza aliyorudi ku repetisyo niliomba msamaha mbele ya korali yote, na nikawaeleza kosa lilikuwa wapi, toni kwa toni, nikiwapigia ku klavie: hivi njo nilimwandikia, hivi njo ilitoka. Kuna waliocheka tena, safari hii juu yangu. Papa alikuwa ameshafunga chombo chake, amelowanisha mwanzi mdomoni. Akautoa, akasema: "Maestro, tuanze. Delestaje iko karibu."

Yule mdogo wetu nilimpa hadithi hii yote, kisha nikamwambia aje Jumatano saa kumi na moja. Tutaanza na basi peke yake.